Ombi la Kumfelisha Mume Wangu Mtihani wa Ijumaa

Kache Mwero (Bi. Chengo Randu),
Nyumba ya pili nyuma ya soko,
Ukunda.

Kwa Mwalimu Tobias,
Mkufunzi wa Programu za Michoro na Ukusanyaji wa Vipimo,
Ukunda.

Mwalimu mheshimiwa,

KUH: CHENGO RANDU ASIFAULU

Shikamoo. Natumai hujambo, na kwamba feni ya darasa lako imeshatengenezwa, maana Chengo husema mnasomea kwenye joto la kuokea mikate. Tafadhali lisome jina langu hapo juu polepole, hasa lile lililo kwenye mabano, kwa sababu ni jipya na bado ninafurahia kuliandika. Mimi ni mke wa yule mwanafunzi wako anayekaa safu ya mbele, mrefu, mwenye mwanya. Kama unao wanafunzi wawili wenye mwanya, wangu ni yule mzuri.

Nakuandikia kwa heshima zote kukuomba umfelishe.

Usiiweke barua chini kabla ya kunisikiliza. Sina ugomvi nawe, na sina ugomvi na mume wangu. Mwalimu, sijui kama umewahi kumtazama Chengo akifikiri. Hukunja paji la uso na kuuma mdomo wa chini, na mtu mwenye moyo hawezi kuendelea na alilokuwa akilifanya. Ni kwa ajili ya paji hilo ndipo nimekaa chini na kalamu.

Chengo ni fundi wa viyoyozi na pampu za maji katika hoteli moja kule Galu. Nilimpenda akiwa na bisibisi mkononi, kwa hivyo sikudanganywa. Nilijua ninaolewa na fundi. Kisha zikaja habari kwamba mradi wa kukausha mwani kule Kibuyuni unatafuta mafundi wa kufunga vipimo kwenye mabanda ya kukaushia, kwamba wewe utawafundisha jioni, na kwamba watakaofaulu mtihani watapewa kazi. Chengo akajiandikisha. Mimi mwenyewe, bibi harusi nisiyepaswa kugusa kazi yoyote, ndiye niliyempigia pasi shati la siku ya kwanza.

Jioni ile alirudi na laptopu ya mradi na kisanduku kidogo cheusi chenye matundu ya waya, akanikalisha kando yake na kunionyesha. Ninakiri kwamba nilivutiwa. Nilidhani kupanga programu ni kuandika maneno yasiyosomeka mpaka macho yaume, kumbe hii yenu huchorwa. Kuna dirisha la mbele lenye vifundo, mishale na taa, kama mbele ya dereva wa gari. Kuna dirisha la nyuma, ambako kila kifundo kina kipicha chake, na mtu huvuta waya kwa kipanya kutoka kipicha hiki hadi kile mpaka vyote vielewane. Kisanduku cheusi huleta joto kutoka nje, waya hulipeleka, taa huwaka. Chengo alikishika kipimajoto kwa kiganja, mstari ukapanda kwenye skrini, naye akageuka kunitazama kama mtu aliyeiotesha nyasi kwa kuiangalia. Nilimpenda siku ile mpaka nikasahau sahani ya chakula iliyoachwa mlangoni, ikaliwa na paka wa jirani.

Hiyo ndiyo jioni ya mwisho aliyogeuka kunitazama. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kozi yako ilianza tukiwa ndani ya fungate. Wewe ni mtu wa bara, kwa hivyo sikulaumu sana. Kwetu, bibi na bwana harusi hukaa ndani wiki nzima, hawatumwi, hawaulizwi, na chakula huletewa na shangazi. Shangazi zangu walileta chakula. Walimkosa bwana harusi. Mmoja wao akanishika mkono akaniuliza kwa upole kama tumekosana mapema namna hii. Nikamwambia yuko darasani. Akasema, "Hata wangu alianza hivyo hivyo, mwanangu, tena wangu hakuwa na darasa." Nikabaki namtetea mtu ambaye hajafanya kosa, kwa watu ambao hawakuuliza swali la pili.

2. Uliwafundisha kwamba kipicha hakifanyi kazi mpaka kila waya unaoingia umeleta kitu chake. Nakubali kwamba ni kanuni njema kwa mashine. Chengo ameileta mezani. Siku hizi hali chakula mpaka kila kitu kifike: sima, samaki, mboga ya mchunga, ndimu, chumvi, maji ya kunawa. Kikikosekana kimoja hukaa na mikono magotini kama aliyekuja kuposa. Juzi nilimwambia, "Kula bwana, sima inapoa." Akanijibu, "Bado pilipili, mpenzi. Ingizo moja halijafika." Pilipili ilikuwa dukani kwa Hanifa. Nilikwenda, nikakuta Hanifa ana habari nyingi, na niliporudi mume wangu alikuwa palepale na sima imekuwa tofali. Alinishukuru, akanawa, akala yote na akasifu. Ndiyo tabu ya kuishi na mtu mwema, Mwalimu. Hakupi nafasi ya kukasirika vizuri.

3. Nimeambiwa kwamba katika michoro yenu kila waya una rangi yake kulingana na kile unachobeba. Rangi ya chungwa ni namba zenye nukta, buluu ni namba kamili, kijani ni ndiyo au la, waridi ni maneno, na kijani hakiungani na waridi hata ukikibembeleza. Jumapili nilivaa blauzi ya kijani na leso ya waridi, ile aliyonipa mwenyewe siku za uchumba wetu. Nikasimama mlangoni kungoja kusifiwa. Alinitazama kwa muda mrefu, kutoka shingoni kushuka, mpaka nikaanza kuona haya. Kisha akasema, "Hapo kiunoni waya umekatika." Nilirudi ndani nikabadilisha. Wimbo wa kwanza kanisani tuliukuta umekwisha.

4. Hili linaniuma zaidi kwa sababu lilianza kwa utamu. Baada ya lile somo la sanduku la kurudia, ambalo hufanya jambo lilelile mpaka mtu abonyeze kitufe cha kulisimamisha, Chengo alinitengenezea programu. Unaiwasha, na kila baada ya sekunde inaandika kwenye skrini NAKUPENDA KACHE, na taa ndogo ya kijani inakonyeza. Nililia kwa furaha. Niliwaita majirani waje kuona. Mama Judy wa chumba cha pembeni alisema mumewe hajasema hivyo tangu Judy azaliwe, na Judy sasa ananyoa nywele zake mwenyewe.

Siku iliyofuata nikamwuliza mume wangu, kwa sauti ile ninayoitumia kwa mambo hayo, kama ananipenda. Hakuinua kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea laptopu na kusema, "Iko inaendelea." Mwalimu, mimi sikuolewa na skrini. Tangu hapo nimehesabiwa kuwa nimeshaambiwa. Nilipombonyezea kitufe cha kusimamisha ili aanze kusema mwenyewe, alishtuka, akaniuliza kama kuna jambo lililoniudhi.

5. Sasa nafika kwa mama yangu, na hapa naomba usome ukiwa umekaa.

Mama alikuja kututembelea kwa mara ya kwanza tangu harusi, kutoka Msambweni, na kuku chini ya kwapa na muhogo kichwani. Labda kwenu ni tofauti, lakini kwetu mkwe mwanamume na mama wa mke hawaketi chumba kimoja wakitazamana. Ni heshima. Chengo, ambaye amelelewa vizuri, alimsikia mama akipiga hodi akatoka kwa mlango wa uani na kwenda kusimama nyuma ya dirisha. Hakuwa na nafasi ya kuzima kitu chochote. Siku hizo mlikuwa mnajifunza kupima uzito wa magunia ya mwani, na kile kipimo chake cha ubao alikuwa amekiweka chini ya kiti cha plastiki, kile kizuri, ambacho ndicho tunachompa mgeni.

Mama aliketi. Mshale wa kwenye skrini ukaruka kutoka mwanzo hadi mwisho. Taa nyekundu ikawaka, king'ora kikaanza kulia, na maandishi makubwa yakatokea: MZIGO UMEZIDI. PUNGUZA GUNIA. Mama yangu alisoma hadi darasa la saba, na siku hiyo tu nilitamani angeishia la kwanza.

Ningeweza kuyafunika mambo. Nilikuwa nimeshachukua leso ya kuitupia laptopu. Lakini Chengo, aliyekuwa nje bila ruhusa ya kuchungulia, alisikia king'ora akaogopea kipimo cha mradi. Akaita kupitia dirishani, "Kache, hilo gunia liondoe juu ya ubao, litavunja kitu cha watu."

Nilimpa mama kikombe cha chai huku king'ora kikiendelea kulia. Mama alimimina chai yake kwenye kisahani, akaipuliza, akasema, "Mwambie mkwe wangu gunia linamalizia chai."

Amerudi Msambweni. Kuku alimwacha, kwa hivyo najua hajatukataa kabisa. Lakini Chengo haonekani tena barabarani siku ambazo watu wa Msambweni huja sokoni, na mimi nikipiga simu nyumbani naambiwa kwamba gunia limelala.

6. Ndipo tunapofika kwenye Kibuyuni yenyewe. Eunice, anayesoma naye darasani kwako, alipita hapa akanieleza kwamba watakaofaulu Ijumaa watahamia huko kukaa karibu na mabanda, kwa sababu vipimo vya mwani havingoji mtu anayetoka Ukunda, na kwamba kurudi nyumbani kutategemea kazi. Chengo hajaniambia neno. Nimengoja aniambie akila, nimengoja akivaa viatu, nimengoja tukienda kanisani. Nimeolewa juzi, Mwalimu. Hata vyombo vya harusi vingine bado vina karatasi ya dukani. Mimi nitabaki hapa na kitanda cha watu wawili na taa ya kijani inayonikonyeza.

Ukiyaweka mambo hayo pamoja utaona kwamba hesabu yangu haina kasoro. Akifaulu, mwani wa Kibuyuni utapata mtu wa kuutazama usiku na mchana, na mimi sitampata. Mwani umeishi tangu zamani bila Chengo na haukufa. Mimi niliwahi kuishi bila Chengo, na sikumbuki kwamba nilikuwa ninaishi. Akifeli, atarudi kwenye viyoyozi vya Galu, atafika nyumbani alasiri ananuka mafuta ya mashine, na atanitazama. Mtu wa haki akiulizwa nani ana haja zaidi, mke au mwani, hatafikiri sana.

Najua utasema mwalimu hawezi kumnyima mtu alama zake. Sikuombi dhambi kubwa. Yeye mwenyewe ameshaifanya nusu ya kazi. Programu yake ya mtihani ina ugonjwa. Joto la banda likipita kiwango, inatakiwa iwashe taa, ipige king'ora, na iendelee kupima mpaka joto lishuke. Ya Chengo hulia mara moja na kusimama kabisa, kama mlinzi anayeona mwizi akazimia. Wiki nzima ameitafuta sababu na hajaiona. Amebadilisha kipimajoto, amebadilisha kisanduku, amechora upya upande mmoja wa mchoro. Kwa hivyo wewe unahitaji tu kutomsaidia. Akikuuliza swali, kohoa.

Ukiona hilo halitoshi, mkalishe karibu na dirisha la upande wa barabara. Nitapita mara kadhaa, kwa mwendo wa kawaida, nikiwa nimevaa kijani na waridi.

Naomba pia asipewe sifuri. Sifuri itamvunja moyo, na akivunjika moyo sitaweza kula. Mpe alama inayokaribia kufaulu, ile inayomfanya mtu aseme, nilikuwa karibu. Na ukimpa karatasi yake, mweleze kwamba kosa lilikuwa la umeme. Chengo huamini kila kitu kuhusu umeme.

Naamini utaliangalia ombi hili kwa jicho la mtu ambaye naye ana watu wanaomngoja nyumbani. Msalimie mkeo huko bara, na umwambie asikubali kupendwa kwa programu. Wasalimie wanafunzi wote, Eunice kwa namna ya pekee, na yule mlinzi wa lango anayenipokelea barua. Mama yangu naye anakusalimu, ingawa hajui kwamba wewe ndiwe chanzo cha lile gunia, na mimi sitamwambia ukinisikiliza.

Ni mimi mwenye furaha nyingi na malalamiko machache,

Kache wa Chengo

Baada ya sahihi: Mwalimu, nilikuwa nimeshaikunja barua hii ndipo likanijia wazo kwamba huenda wewe ni mtu mwadilifu, ukakataa. Nikaona nikusaidie. Chengo alikuwa ameingia bafuni. Nikafungua laptopu, nikaenda dirisha la nyuma, nikachagua waya mmoja mfupi wa kijani uliokuwa pembeni, ambao nilidhani hautakumbukwa, nikaufuta. Mshale ulio juu ya skrini, ule unaobonyezwa ili programu ianze, ukavunjika vipande viwili hapohapo, ishara kwamba programu haiwezi kwenda.

Nikamsikia anaimba huko bafuni. Huimba vibaya, na kwa moyo wote, akidhani maji yanamfunika. Nilijaribu kukaa kama mtu mwenye hoja zake sita, nikashindwa. Nikataka kuurudisha waya wangu mahali pake. Upande mmoja niliukumbuka, ulikuwa umeingia kwenye kile kialama cha kulisimamisha sanduku la kurudia. Upande wa pili sikuukumbuka. Nadhani ulikuwa unatoka kwenye kipicha kinachoangalia kama joto limezidi, lakini nilikuwa na haraka, na kitufe cha SIMAMA kilikuwa karibu zaidi na hakikuwa na waya wowote, nikauvuta kutoka hapo. Mshale ukapona. Nikafunga laptopu, nikaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Alitoka, akavaa, akajaribu tena kwa kukata tamaa, kipimajoto juu ya kikombe cha chai. Joto likapanda. Taa ikawaka, king'ora kikalia, na programu ikaendelea kupima. Alikitoa kipimajoto, joto likashuka, taa ikazimika. Akarudia. Mwishowe aliuangalia mchoro kwa makini, akaniuliza nani ameushika. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyekuwa ameiambia programu isimame kila joto likizidi, na wiki nzima alikuwa akilaumu kipimajoto. Nilimwambia ni mimi. Sikumwambia kwa nini. Alininyanyua juu, na ufagio wangu, akanizungusha mpaka Mama Judy akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Nikiwa bado juu nilimwuliza kuhusu Kibuyuni. Alishangaa. Anasema ameshatafuta chumba huko, chenye dirisha na jiko la nje, cha watu wawili, na kwamba hakuwahi kuifikiria kazi ile bila mimi hata dakika moja. Hakulisema kwa sababu alidhani linajulikana.

Kwa hivyo tafadhali usikohoe, na asikae dirishani. Ningeichana barua hii niandike nyingine, lakini karatasi ni ya mwisho na mwandiko umetoka vizuri. Kama darasa lijalo lina nafasi, naomba uniwekee, kwa maana kuna mambo mawili au matatu kwenye mchoro ule ambayo bado hayajaniridhisha. Chengo amenikuta sasa hivi nikiandika, akauliza barua ndefu hivi ni ya nini. Nimemwambia ni ya kukushukuru kwa yote uliyomfanyia, akafurahi sana, akaomba nikuongezee salamu zake. Usinifanye niwe mwongo, Mwalimu.